Dafnis Prieto au Arnaud Dolmen: uanze na yupi ukitaka jazi ya Karibi?

Kijana mmoja anayepiga drams kanisani kwao alinipigia simu usiku, na hakuwa na salamu ndefu. "Shikamoo kaka. Nina miezi mitatu kabla chuo hakijafunguliwa. Nimfuate Prieto au Dolmen?" Alikuwa amewasikia wote wawili ndani ya wiki moja, Mkuba na mtu wa Guadeloupe, na wote wawili walikuwa wamemnyima usingizi. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa mkato: mfuate Prieto, ana kitabu. Nikakata simu. Kabla sijalala nikajua nimemjibu nusu, maana kitabu peke yake si sababu ya kumkabidhi mtu miezi mitatu ya mikono yako na miguu yako.

Jibu nililopaswa kumpa ni hili. Naliandika kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyesimama kwenye njia panda hiyohiyo: mpigaji anayetaka kujifunza, au msikilizaji tu anayetaka kujua aingilie mlango upi.

Neno kidogo kwanza kuhusu jazi. Kwetu neno hili lilizoea kukaa kwenye majina ya bendi za dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Muziki ule ulikuwa na damu ya Kuba kuliko damu ya New Orleans. Hapa nazungumzia jazi ya upande wa pili, ya saksafoni, piano, besi na drams, ambamo wimbo hutolewa mara moja ulivyo, kisha kila mmoja akaujenga upya papo hapo mbele ya watu. Prieto na Dolmen wote ni watu wa jazi hiyo. Tofauti ipo kwenye ngoma iliyowalea kabla hawajakaa nyuma ya drams.

Wenyewe ni akina nani

Dafnis Prieto alizaliwa mwaka 1974 Santa Clara, mji ulio katikati ya Kuba. Alisoma muziki kwao, kisha akaenda Havana katika shule ya taifa ya muziki, na mwaka 1999 akahamia New York. Hakuchukua muda kuanza kuitwa na watu wazito wa jazi ya mbele, akina Henry Threadgill na Steve Coleman. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Wakfu wa MacArthur, ile inayompa mtu fedha bila masharti aendelee na kazi yake. Mwaka 2018 alitoa Back to the Sunset akiwa na bendi kubwa yenye safu nzima ya matarumbeta na saksafoni, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikachukua Grammy ya albamu bora ya jazi ya Kilatini. Amefundisha vyuo vikuu New York na Miami, na hilo la kufundisha tutalirudia.

Arnaud Dolmen ni mdogo wake kwa miaka kumi na mmoja, wa mwaka 1985. Kwao ni Guadeloupe, visiwa vya Karibi ambavyo mpaka leo ni sehemu ya Ufaransa. Ngoma alianza kuzishika akiwa mtoto, akaja kuvuka bahari kwenda kusomea drams Toulouse. Amepiga na wengi, akiwemo mpiga saksafoni Jacques Schwarz-Bart, mwenye asili ya Guadeloupe pia. Albamu yake ya kwanza aliipa jina la Krioli cha kwao, Tonbé Lévé, yaani kuanguka na kuinuka, ikatoka mwaka 2017. Ikafuata Adjusting mwaka 2022, na mwaka 2023 LéNo, ambayo ni yeye na mpiga piano Leonardo Montana tu, hakuna besi, hakuna saksafoni.

Ukitazama tuzo, Prieto anambwaga mwenzake mbali. Lakini tuzo hazikufundishi kupiga, kwa hiyo tuziache hapo.

Kuba: ufunguo

Klave kwa Kihispania ni ufunguo, na jina linajieleza. Fanya hivi sasa hivi, hapo ulipo. Hesabu moja mpaka kumi na sita kwa mwendo ulio sawa, piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13, kisha rudi moja bila kusimama. Hiyo ni klave ya son, muziki wa dansi wa Kuba. Ukishaizoea, lile kofi la tatu lisogeze kutoka 7 liende 8. Hiyo ni klave ya rumba. Umesogeza kofi moja kwa hatua moja tu, na mdundo mzima umeinama upande.

Makofi matatu ya kwanza yanavuta, mawili ya mwisho yanatua. Kila kinachopigwa kwenye bendi ya Kikuba, iwe tumba, piano, besi au sauti ya mwimbaji, kinajua kiko nusu ipi: ya kuvuta au ya kutua. Ukiingia na sentensi ya nusu moja juu ya nusu nyingine, wenyewe husema umevuka klave, na mwenye sikio atakugeukia hata kama hukukosea mdundo. Klave inaweza kunyamaza wimbo mzima, hakuna anayeigonga, na bado ikawa ndiyo inayotawala. Hili liliwahi kunichanganya sana. Nilikuwa naitafuta kwa masikio, kumbe inatafutwa kwa kile ambacho wengine wanakikwepa.

Chini ya klave kuna urithi mpana. Kuna rumba ya Havana na Matanzas, yenye sura zake tatu: yambú ya taratibu, guaguancó ya mwanamume na mwanamke, na columbia ambayo kwa desturi ilikuwa ya mwanamume mmoja akionyesha ufundi. Kuna batá, ngoma tatu za ibada zilizotoka kwa Wayoruba, iyá, itótele na okónkolo, ambazo huongea kwa kupokezana kiasi kwamba ukiitoa moja zile mbili zinabaki kama sentensi isiyo na kitenzi. Miaka ya 1970 mpigaji wa bendi ya Los Van Van aitwaye Changuito alichukua maongezi ya ngoma hizo nyingi na kuyaweka kwenye drams za mtu mmoja, mtindo ukaitwa songo. Huo ndio mlango ambao kizazi cha Prieto kimepitia.

Na uhusiano wa Kuba na jazi ni wa zamani. Mwaka 1947 mpiga tarumbeta wa jazi Dizzy Gillespie alimwingiza mpiga tumba Chano Pozo kwenye bendi yake New York, na kabla ya hapo bendi ya Machito ilikuwa imeshaanza kuchanganya mambo mjini humohumo. Kwa hiyo Prieto aliposhuka New York alikuta barabara imeshapigwa lami. Hilo ni faida kwake na kwako: kuna rekodi za miaka themanini za kusikiliza ukitaka kujua alikotoka.

Guadeloupe: ngoma inayomtazama mtu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu gwoka haijulikani sana kwetu.

Gwoka ni ngoma, ni wimbo na ni mchezo kwa pamoja, kama vile sisi tunavyosema ngoma tukimaanisha vyote vitatu. Ilizaliwa katika mashamba ya miwa ya watumwa. Ngoma zenyewe zilitengenezwa kwa mapipa yaliyoleta bidhaa kwa meli, yakawambwa ngozi ya mbuzi. Zipo za aina mbili. Boula ni nene ya sauti, hulazwa chini na mpigaji akaikalia kama anayepanda punda, naye kazi yake ni kushika mdundo mmoja bila kuchoka. Kwa kawaida boula ni mbili au zaidi. Makè ni moja, sauti yake ni ya juu, nayo ndiyo inayosema. Wakongwe wanachagua hata ngozi: ya beberu kwa boula, ya mbuzi jike kwa makè, maana ya jike ni nyembamba na hujibu haraka.

Midundo inahesabiwa saba: toumblak, kaladja, graj, woulé, padjanbèl, menndé na léwoz. Kila mmoja una hali yake ya moyo. Toumblak ni wa furaha na mapenzi. Kaladja ya taratibu ni ya huzuni. Graj unakumbusha kazi ya kukuna mihogo, woulé unayumba kwa tatu, menndé ni wa kanivali. Léwoz ndio wenye kiburi cha kupigana, na una mkato unaoitwa repriz, ambapo wote wanapaswa kufunga sentensi pamoja na kuanza tena. Mpigaji akikosea repriz, duara zima linaona.

Duara ndilo neno. Usiku wa swaré léwoz, mkesha wa gwoka, watu husimama kuzunguka, mwimbaji anatoa, waitikiaji wanajibu na kupiga makofi, mchezaji mmoja anaingia katikati. Anakwenda moja kwa moja mpaka mbele ya makè, uso kwa uso. Kuanzia hapo mwenye makè hana uhuru wake. Anatazama goti, kisigino, bega, na kila hatua anatakiwa kuipa sauti yake wakati uleule inapotua, wala isiwe baada. Mchezaji mwerevu humtega: anajifanya anakwenda kushoto, anasita, anaanguka nusu, anainuka. Makè mzuri hategeki, au akitegwa anacheka na kumdaka kwenye hatua inayofuata. Kisha mchezaji anatoka, anaingia mwingine mwenye mwili tofauti, na maongezi yanaanza upya.

Aliyewahi kukaa karibu na ngoma za unyago anaelewa nasema nini. Bi Kidude, alivyoufunga msondo kwa kanga na kuupiga akiwa amesimama katikati ya wanawake, hakuwa akihesabu moja mpaka kumi na sita. Alikuwa akiangalia viuno. Sisemi Zanzibar na Guadeloupe ni ndugu wa tumbo moja, historia zao zilipita bahari tofauti. Nasema macho ya mpigaji yanafanya kazi ileile.

Kwa muda mrefu gwoka ilidharauliwa kwao wenyewe, ikiitwa muziki wa weusi wa hovyo. Marcel Lollia, aliyejulikana kwa jina la Vélo, anatajwa mpaka leo kuwa mpigaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi kisiwani, na alikufa fukara mwaka 1984. Leo sanamu yake iko kwenye mtaa wa waenda kwa miguu Pointe-à-Pitre, na Jumamosi asubuhi wapigaji hukusanyika hapo. Mpiga gitaa Gérard Lockel alikuwa ameshapigana miaka mingi kuufanya muziki huu uingie kwenye ala za kisasa bila kuuvua nguo zake, akauita gwoka modèn. Mwaka 2014 UNESCO ikaiingiza gwoka kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Rumba ya Kuba ilifuata miaka miwili baadaye.

Ndugu zangu, huo ndio udongo uliomfinyanga Dolmen. Yeye si mtu aliyekwenda kutafiti gwoka akiwa mkubwa. Aliikuta nyumbani.

Wakikaa nyuma ya drams

Sasa wasikilize wote wawili ukiwa na hayo kichwani.

Prieto ni watu wanne ndani ya mtu mmoja. Mguu wa kushoto unaweza kushika klave kwenye kengele, mguu wa kulia ukasukuma besi ya tumba, mkono wa kulia ukatembea kwenye toazi, halafu mkono wa kushoto ukabaki huru kubishana na wote. Ufundi wa kuweka klave mguuni uliletwa mbele ya dunia zaidi na Mkuba mwenzake, Horacio Hernández, lakini kwa Prieto haukai kama sarakasi. Unasikika kama nyumba iliyopimwa kwa kamba: kila ukuta una sababu, na nyimbo zake zinapinda kona kali bila kumwaga maji. Bendi inasoma karatasi, na drams ziko ndani ya utunzi tangu mstari wa kwanza.

Nataka useme na mwili wako kama uko tayari kwa hilo. Nilipojaribu klave ya mguu kwa mara ya kwanza nilifunga kipande cha mbao mbele ya pedali ili kilie. Mguu wangu ulimfuata mkono wa kulia kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Mkono ukisita, mguu unasita. Nikabadilisha mbinu: asubuhi nikiswaki, mguu unapiga klave, nikisubiri chai ichemke, mguu unapiga klave, nikiongea na simu vilevile. Ziliisha wiki nane ndipo nikaweza kumsalimia jirani dirishani bila mguu kupotea. Na hapo nilikuwa kwenye mwendo wa taratibu tu.

Dolmen hasikiki hivyo. Mikono yake ina ufundi wa kutosha, lakini kinachokufikia kwanza ni nafasi. Anaacha pigo mahali ambapo ulilitegemea, anatia pigo dogo pale ambapo saksafoni imevuta pumzi. Mdundo wa boula anaugawa, kipande kwenye ngoma ya mguu, kipande kwenye tomu kubwa, wakati mwingine anaunong'ona tu kwenye ukingo wa sneya, na makè anaiweka mikononi. Halafu anamtazama mtu. Katika bendi ya jazi hakuna mchezaji katikati, kwa hiyo mchezaji wake ni yule anayepiga solo kwa wakati huo. Sikiliza LéNo uone: piano ikijifanya inakwenda kushoto, drams tayari ziko pale. Kwangu mimi hiyo ndiyo gwoka hasa, hata kwenye nyimbo ambazo huwezi kuutambua mdundo hata mmoja kati ya ile saba.

Nikilazimishwa kuweka tofauti yao kwenye sentensi moja: Prieto anakupa saa, Dolmen anakupa macho. Mpigaji anahitaji vyote, lakini wachache wanavikosa vyote kwa kiasi sawa, na hapo ndipo uchaguzi unapofanyika.

Sikio letu limeshaegemea upande mmoja

Kuna jambo ambalo msikilizaji wa huku anapaswa kulijua kabla hajachagua. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, na ndani yake kulikuwa na son na rumba za Kuba. Santuri hizo zilisambaa Kongo na Afrika Mashariki, zikachezwa kwenye magramafoni mabarazani na mahotelini, na wanamuziki wakazisikiliza mpaka zikawa zao. Rumba ya Kongo ilitokea hapo. Morogoro, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba, na jina lilikuwa kweli tupu. Hata taarabu ya Tanga na Mombasa ina nyimbo ambazo ukiondoa maneno utadhani uko Havana.

Kwa hiyo mtu aliyelelewa na dansi ana klave mwilini hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Nimelijaribu hili mara nyingi: nampa mtu makofi yale matano, na kabla sijamaliza kueleza ameshaanza kuimba wimbo wa zamani juu yake. Ndiyo maana Prieto, pamoja na ugumu wake wote, anaingia kwetu kirahisi kuliko inavyotarajiwa. Ule ugumu uko juu. Chini kuna sakafu tunayoijua.

Gwoka haina njia hiyo ya santuri kuja kwetu. Unaanza bila msaada wa kumbukumbu. Mwenye chakacha mwilini atauona woulé si mgeni kabisa, na Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda aliyesoma Kifaransa atakuwa na nafuu kwenye maelezo, mahojiano na mafunzo, kwa kuwa mengi yake yako kwa Kifaransa na Krioli. Mtu wa Dar au Nairobi atategemea sikio zaidi.

Hilo linaweza kuwa sababu ya kumkimbia Dolmen, na linaweza kuwa sababu ya kumchagua. Mimi nilijifunza mengi kwake kwa kuwa sikuwa na pa kujishikiza.

Vitabu na vifaa

Kwa upande huu Prieto anashinda na sitaki kuficha. Mwaka 2016 alitoa kitabu, A World of Rhythmic Possibilities, cha Kiingereza, chenye mazoezi ya drams yanayoambatana na mifano ya kusikiliza na kutazama. Ni kitabu cha mwalimu aliyewahi kuwaona wanafunzi wakikwama. Ukikwama ukurasa fulani, unajua umekwama wapi. Kwa mtu anayejifunza peke yake chumbani, hiyo ni neema.

Ila njia ya Kuba inadai vifaa kidogo zaidi: pedali ya pili kwa mguu wa kushoto, na kitu cha kugongwa nayo. Kengele ya kawaida au mbao ngumu inatosha kwa kuanzia. Na inadai jirani mvumilivu.

Njia ya Dolmen haihitaji kifaa cha ziada hata kimoja. Kinachohitajika ni mtu mwingine. Mazoezi yake hayafanyiki ukiwa peke yako na mashine ya kuhesabu mdundo. Unahitaji anayeimba, anayecheza au anayepiga gitaa, na unahitaji kumtazama. Mwite dada yako acheze uani, wewe shika vijiti viwili na ndoo iliyopinduliwa, kila mguu wake ukigusa chini nawe uguse. Dakika tano tu. Utashangaa ulivyozoea kupiga ukiwa umefumba macho.

Basi nani amfuate nani

Kama mdundo wako unakimbia, yaani bendi ikipandisha sauti na wewe unapandisha mwendo, nenda Kuba. Klave itakufunga kamba mguuni, na baada ya miezi mitatu hutakimbia tena. Vivyo hivyo kama unapenda kutunga, kama unapenda kujua wimbo umeundwaje kama fundi anayefungua injini. Anza na Back to the Sunset kwa sababu safu ya matarumbeta itakuonyesha kona zote, halafu rudi nyuma kwenye About the Monks ya 2005, ambako bendi ni ndogo na drams zinasikika kila chembe.

Kama unashika mwendo vizuri lakini watu wanakwambia unapiga kama uko peke yako, nenda Guadeloupe. Kama unapiga nyuma ya waimbaji, kwenye kwaya, kwenye taarabu, kwenye bendi ya harusi, naona Dolmen ana zaidi la kukupa. Anza na LéNo kwa kuwa ni wawili tu na hakuna pa kujificha, kisha Tonbé Lévé.

Msikilizaji tu, asiyepiga chochote? Ukiwa mtu wa dansi, Prieto atakukaribisha kwa mdundo unaoujua. Ukiwa mtu wa kusikiliza usiku taa zikiwa zimezimwa, Dolmen.

Wapo wengine, na ningekuwa mchoyo nisipowataja. Sonny Troupé, pia wa Guadeloupe, anapiga drams na ngoma za ka zenyewe, yaani zile za gwoka. Sikiliza Luminescence ya 2015, yeye na mpiga piano Grégory Privat wa Martinique, ukitaka kuisikia makè yenyewe kabla ya kuisikia imehamia kwenye drams. Henry Cole wa Puerto Rico amekaa miaka mingi na mpiga saksafoni Miguel Zenón, na kwao kuna ngoma za bomba na plena. Na Andrew Cyrille, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1939 na wazazi wa Haiti, aliifanya kazi hii ya kurudi visiwani akiwa tayari bingwa wa jazi huru. Hao ni wa mwaka wa pili.

Yule kijana nilimpigia tena baada ya siku mbili. Nimewahi kumsikia kanisani kwao: mkono safi, mwendo haukimbii hata kwaya ikipandwa na roho. Lakini drams wamemwekea pembeni ya nguzo, naye hukaa akiwa ameuelekea ukuta, na mara mbili nilimwona mwimbaji kiongozi akiinua mkono kuomba waishie na yeye akaendelea. Nikamwambia nilimjibu vibaya, amwache Prieto asubiri, aanze na Dolmen. Akauliza zoezi la kwanza ni lipi. Nikamwambia ahamishe kiti.

Jumapili alinitumia picha. Drams ziko palepale kwenye nguzo, ila kiti amekigeuza, sneya ameisogeza kushoto, na kutoka pale alipokaa sasa anaiona miguu ya kwaya yote.